Kwa Nini 49 Si IL?

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa kwa mama mdogo, Ngamiani, hapa Tanga. Kila jioni binti yake wa darasa la nne alikuwa ananiletea daftari la Hisabati. Siku moja tukafika kwenye namba za Kirumi. Nikamwandikia alama saba: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500 na M ni 1000. Nikampa na kanuni niliyokaririshwa mimi mwenyewe: alama ndogo ikiwa nyuma ya kubwa, jumlisha, ikitangulia, toa.

Nikampa 49. Akaandika IL. Nikamkosesha.

"Dada, mbona umenikosesha? Hamsini toa moja si arobaini na tisa?"

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyo, we kariri tu." Akafunga daftari lake, akaenda kulala. Sema ukweli, sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa amefuata kanuni yangu neno kwa neno. Kanuni ndiyo iliyokuwa nusu.

Kesho yake nikamwomba radhi, tukaanza upya na barabara za Ngamiani, maana kule barabara zinaitwa kwa namba. Siri ni hii: usiibadilishe namba nzima kwa mkupuo. Ivunje kwanza kwa nafasi zake, yaani maelfu, mamia, makumi na mamoja, kisha badilisha kila kipande peke yake.

Barabara ya 9 ni IX. Barabara ya 14 ni 10 na 4, yaani X na IV: XIV. Barabara ya 19 ni X na IX: XIX. Sasa 49 ni 40 na 9. Arobaini ni XL, tisa ni IX. Jibu: XLIX. IL inaruka kipande cha makumi, ndiyo maana haikubaliki.

Kwa hiyo kutoa kunaruhusiwa kwa jozi sita tu: IV (4), IX (9), XL (40), XC (90), CD (400) na CM (900). I hutolewa kwenye V na X, X kwenye L na C, C kwenye D na M, basi. Alama za I, X, C na M zisizidi tatu mfululizo. V, L na D hazirudiwi kabisa. Ukiona saa ya ukutani ina IIII badala ya IV, usishtuke. Ni desturi ya watengeneza saa.

Tukajaribu miaka ya kwetu. Vita vya Tanga vilipiganwa Novemba 1914: M, CM, X, IV, yaani MCMXIV. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909. Hapo akasita. "Dada, kwenye makumi kuna sifuri. Sifuri ya Kirumi ikoje?"

Haipo. Nafasi yenye sifuri unairuka tu: M, CM, IX, yaani MCMIX. Angalia hata matokeo ya kidato cha nne: divisheni ni I, II, III, IV, halafu inakuja 0, ambayo si ya Kirumi.

Jamani, hizi alama tunazo hata sisi chuoni, kwenye kurasa za mwanzo za ripoti zetu. Lakini kwetu tunaosomea ualimu kuna zaidi. Mtoto akikosa, kabla ya kumkosesha muulize amefikaje pale. Huenda amefuata ulichomfundisha.

Jioni ile mdogo wangu alinipa swali yeye: 99. Nikaandika XCIX. Akaikagua kipande kwa kipande, akaweka vema, kisha akaniambia, "Leo umeelewa, dada."