Mlinzi wa Shamba Lisilo Lake
Somo juu ya amri ya saba

1. Mwenye vitu vyote. Mungu aliumba miti, ndege na wanyama kabla ya kumwumba mtu, navyo vyote vilimpendeza. Kisha alimweka Adamu katika bustani ili ailime na kuitunza. Basi, mtu ni msimamizi. Mwenye mali ni Mungu. Msimamizi hula matunda ya shamba, lakini halimalizi shamba lenyewe, kwa kuwa siku moja atatoa hesabu.

2. Msitu wa Kahuzi. Magharibi ya Bukavu husimama mlima Kahuzi, wenye kimo cha meta 3,308. Ukungu huufunika msitu wake. Majani huunasa, na maji hudondoka, huingia ardhini na kutokea katika vijito vya bondeni. Humo hukaa gorila wa aina isiyopatikana mahali pengine duniani ila mashariki ya Kongo. Chakula chake ni majani, matunda na machipukizi ya mianzi. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kama minne kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo jamaa ya gorila ikipunguzwa, hukawia sana kuongezeka.

Mwaka 1970 msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa. Lakini vita vilipoanza mwaka 1996, ulinzi ulilegea. Na bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji wengi waliingia na kujilisha nyama ya msituni. Kabla ya vita, gorila wa aina hiyo walikadiriwa kuwa 17,000 hivi katika mashariki yote ya Kongo. Mwaka 2016 walikadiriwa 3,800. Mwaka 2021, baada ya kupima sehemu nyingi zaidi, ilionekana kwamba wapo kama 6,800. Hata hivyo wamepungua kupita nusu.

3. Neno la Kanisa. Katekisimu ya mwaka 1992 huweka utunzaji wa wanyama na mimea chini ya amri ya saba. Haikatazi kula nyama. Hukataza kuwatesa na kuwaua wanyama bure. Anayemaliza kilichowekwa kwa ajili ya wote huwaibia watakaozaliwa. Tena, kitanzi hakichagui: kilitegewa paa, hunasa mkono wa mtoto wa gorila.

4. Haki ya watu. Je, mnyama humpita mtu? Hasha. Batwa walioishi katika msitu huo waliondolewa katika miaka ya 1970 bila kupewa fidia ya haki. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulikiri kwamba walidhulumiwa. Amri ile ile inayomlinda gorila huwadai watu haki ya jirani yao: atakayetunza msitu lazima pia amtazame mwenye njaa aliye kando yake.

Maulizo
Nani mwenye msitu? — Mungu, aliyeuumba.
Mtu ni nani ndani yake? — Msimamizi atakayetoa hesabu.
Anayeangamiza viumbe bure huvunja amri gani? — Amri ya saba.
Nani anaibiwa? — Watoto watakaozaliwa, na maskini wa leo.

Kusudi la juma
Mwenye kitanzi msituni akitegue. Mwenye shamba la ziada amkumbuke asiye nalo.