Tunabishania kitanzi, damu tumeisahau

KATIKA vijiwe vyetu, na hata katika baraza za misikiti baada ya swala ya Isha, kuna aina ya kesi ambayo haikosi wasemaji. Mtu ameuawa, aliyemuua hajulikani kwa yakini, lakini yupo aliyekamatwa. Hapo kila mmoja wetu huwa jaji. Huyu atasema jamaa ananyongwa, yule atasema ni kifungo cha maisha, na mwingine, ambaye siku zote ana shemeji yake mahakamani, atasema mambo yamekwishapangwa, mtu anatoka. Ubishi wote ni juu ya adhabu. Swali la kwanza, kwamba je, huyu ndiye aliyeua, tunaliruka kama tunavyoruka dimbwi la maji njiani.

Ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa kesi ambayo wengi wetu tunaikumbuka, kisha tuipime kwa mizani ya Qur'an na Sunna.

Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva teksi mmoja wa Dar es Salaam, walikamatwa na Polisi pale Sinza. Baadaye walikuwa maiti. Polisi wakatangaza kuwa ni majambazi waliouawa katika kurushiana risasi. Jiji wakati ule lilikuwa na hofu kubwa ya ujambazi, na habari ya namna hiyo haikuwa ngumu kuaminika. Kwa maneno mengine, dhana ya kwanza katika kesi hii haikumwangukia mshitakiwa yeyote. Iliwaangukia marehemu, watu ambao hawakuwa na ulimi tena wa kujitetea.

Ndugu zao hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kuwa wale hawakuwa majambazi. Ilielezwa kuwa waliuawa katika msitu wa Pande, nje ya jiji. Askari kadhaa wakafikishwa mahakamani, akiwemo ACP Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam.

Kuanzia hapo ulimi wa mitaani uligeuka. Midomo ile ile iliyokuwa imewapokea marehemu kama majambazi sasa ilikuwa na hukumu nyingine mkononi. Kwa miaka mitatu Zombe alinyongwa vijiweni mara nyingi kuliko mtu awezavyo kufa. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inasema anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, kwa hiyo watu wakaona hesabu ni nyepesi. Hakuna aliyejishughulisha kuuliza kila mmoja wa washitakiwa alikuwa wapi usiku ule, nani alifyatua risasi, na nani alishuhudia.

Agosti 17, 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru Zombe na wenzake wanane. Alisema ushahidi haukuthibitisha kuwa wao ndio waliowaua marehemu, na akataka wauaji halisi watafutwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja tu na kumhukumu kifo. Zombe na wengine wawili waliokuwa katika rufaa hiyo ikawaacha huru.

Siku ile ya Agosti watu walihamaki. Wapo waliosema haki imenunuliwa, na wakasema kwa yakini ile ile waliyokuwa nayo walipokuwa wakigawa vitanzi. Lakini jaji hahukumu kwa yanayosemwa Kariakoo. Mtume (s.a.w) mwenyewe, ambaye alikuwa akiteremshiwa wahyi, aliwaambia masahaba, kama alivyopokea Ummu Salama (r.a), kwamba yeye ni mwanadamu, watu humletea mashitaka, na huenda mmoja akawa fundi wa kujieleza kuliko mwenzake, naye anahukumu kwa mujibu wa anachokisikia. Ikiwa hilo ni la Mtume, sisi tunaosikia habari kwenye daladala tumepata wapi ujasiri huu?

Tena kuna hadithi ya Ibn Abbas (r.a) inayotikisa zaidi. Palikuwa na mwanamke Madina ambaye mwenendo wake mbaya ulikuwa ukijulikana na watu. Mtume (s.a.w) alieleza kuwa lau angekuwa ni mtu wa kumpiga yeyote mawe bila ya ushahidi, angempiga huyo. Hakumpiga. Kujulikana kwa watu si ushahidi.

Sasa tusome Surat Bani Israil. Katika aya ya 33 Allah (s.w) anaharamisha kuua nafsi bila haki, na anampa msimamizi wa aliyedhulumiwa mamlaka ya kudai, kisha anamwonya asipindukie mpaka katika kulipiza. Katika aya ya 36 anatukataza kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na anatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Ni aya mbili tu zilizo baina ya hizi. Haki ya damu na katazo la dhana zimewekwa katika mlolongo mmoja wa mafundisho. Sisi tumezitenganisha. Wanaoililia damu hawataki kusikia habari ya ushahidi, na wanaosimamia ushahidi, mshitakiwa akishatoka, hufunga jalada na kwenda nyumbani.

Je, Uislamu unafanya nini pale mtu anapouawa na muuaji asijulikane? Hapa ndipo penye somo ambalo hatulisikii sana kwenye mimbari.

Katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim imepokewa na Sahl bin Abi Hathma (r.a) kuwa Abdullah bin Sahl na Muhayyisa bin Mas'ud walikwenda Khaybar kwa sababu ya dhiki ya maisha. Wakatengana huko. Muhayyisa akaja kukuta mwenzake ameuawa na kutupwa shimoni. Khaybar walikuwa wakiishi Mayahudi, na uadui uliokuwepo unafahamika. Muhayyisa akawaambia moja kwa moja kuwa nyinyi ndio mliomuua. Wakakana.

Akaja Madina pamoja na ndugu yake Huwayyisa, na Abdurrahman, nduguye marehemu. Mtume (s.a.w) akawaandikia watu wa Khaybar, nao wakajibu kuwa hawakuua. Zingatia hilo, upande wa pili ulisikilizwa kabla ya lolote. Kisha akawauliza wenye damu kama wako tayari kuapa viapo hamsini ili waistahiki damu ya ndugu yao. Wakasema, vipi tuape kwa jambo ambalo hatukulishuhudia wala kuliona? Akawaambia basi Mayahudi wataapa viapo hamsini kujitoa katika tuhuma. Wakasema hawawezi kukubali viapo vya watu wasioamini.

Tuwatazame vizuri watu hawa. Wamefiwa, wana uchungu, mtuhumiwa ni adui, na mlango wa kuapa umefunguliwa na Mtume mwenyewe. Maneno machache tu ya kiapo yangewapa walichokitaka. Waliogopa kuapa kwa ambalo macho yao hayakuona. Sisi tusiofiwa na yeyote tunaapa wallahi juu ya kikombe cha kahawa kwamba fulani kaua na lazima anyongwe!

Wanafiqhi wameijenga juu ya hadithi hii hukumu inayoitwa qasama. Wametofautiana katika matawi yake. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanaanza kuwaapisha watu wa mahali maiti ilipokutwa. Kwa Imam Shafi, ambaye wengi wa pwani yetu tunamfuata, wenye damu ndio wanaoanza, iwapo ipo ishara nzito inayoelekeza tuhuma. Na kauli yake ya baadaye ni kuwa hata wakiapa, kinachopatikana ni diya, si kuuawa kwa mtuhumiwa. Imam Malik yeye aliona kisasi kinaweza kuthibiti. Tusiingie huko, maana ni bahari.

Linalotuhusu ni mwisho wa kisa. Hakuna aliyeapa, hakuna aliyehukumiwa. Kwa mahakama zetu kesi ingekuwa imekwisha. Mtume (s.a.w) hakupenda damu ile iende bure, akailipa yeye. Alitoa ngamia mia moja, diya kamili, wakafikishwa mpaka nyumbani kwa wafiwa. Kuna mapokezi yanayosema walikuwa ni ngamia wa sadaka, yaani mali ya umma. Imepokewa pia kuwa zama za Sayyidna Umar (r.a) mtu alikufa katika msongamano wa watu na aliyemuua hakujulikana, na Sayyidna Ali (r.a) akashauri alipiwe kutoka Baitul Mali.

Hapo ndipo sheria yetu ya leo ina pengo. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini kwanza awepo aliyetiwa hatiani. Mlango wa madai upo, ila mjane amshitaki nani ikiwa muuaji hajulikani? Kwa miaka kumi tulibishana kama Zombe atanyongwa au hatanyongwa. Sikumbuki hata baraza moja ambapo watu walibishana kuhusu ada za shule za watoto wa marehemu, au nani anawalipia kodi ya nyumba. Serikali iliyowapa askari wale bunduki na sare ndiyo yenye Hazina, na swali la diya lilipaswa kupelekwa kwake siku ile ile ya Agosti 17, badala ya kumzomea jaji.

Sahl bin Abi Hathma alipokuwa akisimulia kisa hiki miaka mingi baadaye, aliongeza jambo dogo ambalo wapokezi hawakuliacha. Alisema mmoja wa ngamia wale, jike, aliwahi kumpiga teke.