Mbuna Wangu Wanauana

Swali: Nina samaki wanne aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa kwenye tangi la lita 250. Dume mmoja anawararua wenzake mapezi, na mwingine amevimba tumbo. Nifanyeje?

Jibu: Wanne ni wachache mno. Mbabe akiwa na wa kuonea mmoja au wawili, huwaandama hadi wafe. Wakiwa 12, ukali wake hutawanyika. Kila dume apate majike watatu hivi. Siku ya kuingiza wageni, panga upya mawe yote ili mipaka ya zamani ipotee. Na tumbo? Nashuku unawalisha minyoo. Mbuna hukwangua mwani miambani, na utumbo wao mrefu haufai kwa nyama. Wape chakula cha mimea. Maji yawe na pH 7.8 hadi 8.6, kwa hiyo maji ya mvua pekee, yenye pH ya chini, hayafai. Aliyevimba mtenge leo.