Daktari wa Toronto asipokuamini

Maumivu hayaonekani kwa macho, na muda wa kuonana na daktari ni mfupi. Ukitaka usikilizwe, jiandae kabla ya kutoka nyumbani.

1. Andika maumivu yalianza lini, huja saa ngapi, yamekuzuia nini. "Siwezi kupanda ngazi" humweleza daktari mengi kuliko "naumwa sana".
2. Anza na tatizo kubwa. Wengi wetu huliacha lile la aibu hadi daktari amesimama kuaga.
3. Usijikaze kwa heshima. Ukijibu "sijambo, nzuri tu", ndivyo itakavyoandikwa.
4. Hospitalini omba mkalimani, usimtumie mwanao.
5. Nenda na ndugu au jirani, naye aandike yanayosemwa.
6. Daktari akikataa kukupima, muulize anadhani ni nini na kwa nini si kingine. Kisha mwombe aandike kwenye faili kwamba uliomba, na sababu ya kukataa.
7. Omba nakala ya faili. Sheria ya jimbo la Ontario ya 2004 inakupa haki hiyo. Kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 30.
8. Huna daktari? Piga 811, uongee na muuguzi saa yoyote. Scarborough kuna kituo cha afya cha TAIBU, kinachohudumia jamii za Weusi.
9. Hospitali ikikupuuza, lalamika kwanza kwenye ofisi yake ya malalamiko ya wagonjwa, halafu kwa Patient Ombudsman, ofisi ya jimbo inayopokea malalamiko ya wagonjwa. Daktari mwenyewe hushtakiwa kwa College of Physicians and Surgeons of Ontario, chombo kinachosimamia madaktari, na hulipi kitu.