Nyoka wa Vichwa Saba na Bwana Arusi

Somo kwa vijana na wazazi wao



Vijana wetu wanapenda mno hadithi za ajabu, zenye wafalme, majini, mazimwi na wachumba. Sisi tulizisikia usiku kwa bibi zetu, wao wanazisoma vitabuni na kuzitazama katika filamu. Wazazi kadhaa wameniuliza kama yafaa Mkristo kuzisoma. Mimi husema yafaa, mradi asiishie katikati. Maana katika miaka yangu ya kufundisha niliona jambo hili: msomaji kijana huipenda sana sehemu ya kwanza, ambamo adui anauawa na arusi inafungwa. Sehemu ya pili humchosha, labda awekewe humo mapenzi mengine. Mwanglikana mwenzetu wa Uingereza, C. S. Lewis, alipotoa kitabu chake cha pili cha nchi ya Narnia mwaka 1951, kiitwacho Prince Caspian, hakumpa kijana yule mchumba. Filamu ya mwaka 2008 ikamwongezea, na busu juu yake. Siwalaumu sana, kwani watu hupenda arusi.

Hadithi ninayotaka tuisome leo ni ya pwani yetu wenyewe, nayo iliandikwa na mtu wa Kanisa letu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864. Akaketi na wenyeji, akaandika hadithi zao kwa maneno yao, na mwaka 1870 zikapigwa chapa London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miaka sita baadaye, akiwa Askofu, alishuka hapa Lindi pamoja na watu waliookolewa katika utumwa, wakaenda kwa miguu mpaka Masasi. Basi mtu yule yule ambaye safari yake tunaikumbuka kila mara kanisani ndiye aliyetuhifadhia hadithi ya Sultani Darai.

Kwa ufupi ni hivi. Palikuwa na maskini, jina lake Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani kutafuta chembe za nafaka. Siku moja akaokota thumuni. Akamnunua paa, watu wakamcheka: mwenyewe hana chakula, naye anafuga! Lakini paa yule alikuwa akisema kama mtu. Alipokuwa malishoni akaona almasi, akaipeleka kwa Sultani wa mji wa mbali, akamposa binti yake kwa ajili ya bwana wake, ambaye alimwita Sultani Darai. Akamleta Hamdani mpaka kijitoni, akamwacha pale bila nguo, akaenda kusema kwamba bwana amenyang'anywa na wezi njiani. Sultani akatoa nguo nzuri, arusi ikafungwa. (Uongo ule naujua. Paa si mtakatifu, wala siisomi hadithi hii kama Injili.)

Sasa bwana arusi hana nyumba. Paa akaenda mbali, akakuta nyumba kubwa yenye mali nyingi na kikongwe mmoja ndani. Mwenyewe alikuwa nyoka wa vichwa saba. Paa akashika upanga, akakata kichwa kimoja baada ya kimoja, mpaka vyote saba. Akaenda kumleta bwana wake na mkewe wakae humo kwa raha.

Hapa ndipo msomaji wetu kijana hufunga kitabu. Mwovu amekufa, wapenzi wamepata nyumba. Na joka la vichwa saba tunalikumbuka kutoka Ufunuo 12, kwa hiyo hata mwalimu wa Shule ya Jumapili anaridhika.

Lakini msimulizi wa Unguja hakunyamaza. Hamdani akaingia katika nyumba ile, akala, akalala, wala hakuuliza hata siku moja imepatikanaje. Paa akaugua. Akamtuma yule kikongwe amwambie bwana kwamba hali yake ni mbaya. Bwana akasema apikiwe uji wa mtama, na nyumba imejaa vyakula vizuri! Mkewe akamsihi, akamkumbusha mema yote ya paa. Akakataa. Kwake yeye, yule alikuwa mnyama wa thumuni tu. Paa akafa kwa uchungu, bwana akaamuru atupwe kisimani.

Tafadhali tutazame ni nani mwovu sasa. Nyoka alikuwa na vichwa saba, kila mtu angemtambua akiwa mbali. Huyu wa pili ana kichwa kimoja, amevaa vizuri, tena tumemhurumia tangu alipokuwa jaani. Hakuingia kutoka nje, tulikuja naye.

Tufikiri pia habari ya thumuni. Hadithi hii ilisimuliwa kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873, na wengi waliouzwa pale walikuwa wamepitishwa Kilwa Kivinje. Wasikilizaji wa siku zile walijua maana ya kununuliwa, kutumika kwa uaminifu, na kutupwa baada ya kuugua. Nadhani baadhi yao walimlilia paa kwa sababu zao wenyewe.

Na mapenzi je? Mapenzi ya kweli katika hadithi hii ni ya yule binti, nayo hayaonekani siku ya arusi. Yanaonekana anapompelekea paa chakula na nguo kwa siri. Aliolewa na mtu kwa sifa alizosikia, akamjua mumewe hasa alipoona jinsi anavyomtendea aliyemtumikia. Akampelekea baba yake habari. Sultani akaja, paa akatolewa kisimani na kuzikwa kwa heshima. Usiku binti akaota yuko kwa baba yake, alipoamka ikawa kweli. Hamdani naye akaota anachakura jaani. Akaamka, yuko jaani.

Sasa fungueni Biblia. Katika 1 Samweli 17 Daudi anamwua Goliathi, na watoto wote wanashangilia. Katika kitabu cha pili, mlango wa 11, Daudi huyo huyo yuko darini kwake, anamtamani mke wa Uria, kisha anamtuma Uria afe vitani, askari aliyekuwa mwaminifu kwake. Nathani alipokuja hakumkemea kwanza, alimpa hadithi. Ajabu ni kwamba katika hadithi ile pia yumo maskini aliyenunua mnyama mmoja mdogo, akamlea kama mtoto. Daudi akamkasirikia yule tajiri, akamhukumu kufa, kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Lakini Daudi alikiri. Hamdani hakusema neno hata alipoombwa na mkewe, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mfalme na mtu wa jaani.

Nimehudhuria arusi moja ambayo sitaitaja. Bwana arusi alisomeshwa na dada yake, aliyekaanga samaki na kuwauza miaka mingi, akavaa khanga zilizochakaa ili mdogo wake apate karo. Siku ile wageni wa mbali waliketishwa mbele. Dada yake alikuwa uani, machoni moshi, anageuza wali. Hakuna aliyelitaja jina lake katika hotuba. Bibi arusi alipita uani, akamwona, akauliza, "Huyu mama ni nani?" Akajibiwa kwamba ni mmoja wa wapishi. Nami nilikuwapo, nikasikia, nikanyamaza.

Kwa mazungumzo ya vijana wanaojifunza habari za ndoa: someni kwanza 2 Samweli 12, mistari ya mwanzo mpaka Daudi anapokiri. Kisha kila mmoja aseme, bila kutaja majina ya wengine, ni nani aliyemtoa yeye jaani, na mara ya mwisho alikwenda lini kumwangalia.