Kuondoa Amonia Kwenye Majitaka

Ukipita karibu na choo cha shimo pale Kisanga jua likiwa kali, ile harufu inayochoma pua ni amonia. Bakteria huvunja urea iliyomo kwenye mkojo:

CO(NH₂)₂ + H₂O → 2NH₃ + CO₂

Urea hiyo hiyo wakulima wa Kilosa huinunua kwa mifuko. Shambani ni chakula cha mmea; mtoni ni balaa. Amonia huua samaki hata ikiwa kidogo, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitreti hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo majitaka husafishwa kabla ya kumwagwa.

Njia kuu ya kemikali umeshaifanya maabara. Ulipopima chumvi ya amoniamu uliongeza sodiamu hidroksidi, ukapasha moto, na litmasi nyekundu yenye unyevu ikawa ya bluu. Kwenye mtambo wa majitaka hutumika chokaa, maana bei yake ni nafuu:

2NH₄⁺ + Ca(OH)₂ → Ca²⁺ + 2NH₃ + 2H₂O

Chokaa hupandisha pH hadi karibu 11, na ioni karibu zote huwa NH₃. Badala ya kupasha moto, maji hudondoshwa ndani ya mnara huku hewa ikipulizwa kutoka chini. Hapa ndipo alama hupotea: watahiniwa huandika “chokaa huondoa amonia” wakaishia hapo. Chokaa hubadili ioni kuwa amonia tu. Kinachoitoa majini ni hewa.

Gesi hiyo isiachwe ichafue anga. Hupitishwa kwenye asidi ya salfuriki:

2NH₃ + H₂SO₄ → (NH₄)₂SO₄

Zao lake ni SA, mbolea ile ile ya maduka ya pembejeo.

Amonia ikibaki kidogo, klorini huimalizia: 2NH₃ + 3Cl₂ → N₂ + 6HCl.

Mfano. Lita 1,000 za majitaka zina NH₄⁺ miligramu 36 kwa kila lita. Tafuta gramu za Ca(OH)₂ zinazohitajika. (H=1, N=14, O=16, Ca=40)

NH₄⁺ yote = gramu 36 = 36 ÷ 18 = moli 2.
Moli 2 za NH₄⁺ huhitaji moli 1 ya Ca(OH)₂ = gramu 74.

Mtamboni hutumika zaidi ya hapo, kwa sababu hidrojenikaboneti zilizomo majini nazo hula chokaa.

Swali. Maji yanayotoka mnarani bado yana pH karibu 11. Eleza kwa nini hayafai kumwagwa mtoni, kisha taja gesi ya bei nafuu inayoweza kupitishwa ndani yake kwanza na uandike mlinganyo.