SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KOMPYUTA YA CHAMA IKIKATAA MTANDAO BAADA YA KUSASISHWA

Somo hili limekusudiwa makatibu, washika fedha na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, hasa vyama ambavyo ofisi zao ziko mbali na Mjini na havina fundi wao wenyewe. Linahusu tatizo moja tu. Kompyuta ya chama ilikuwa ikiingia katika mtandao usio na waya bila ya taabu; mfumo wake endeshi ukasasishwa, au kama vijana wasemavyo, ikaapdetiwa; na tangu saa hiyo imekataa.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kando ya barabara ya Jozani, katika moja ya vijiji vinavyopakana na msitu, kama vile Pete au Kitogani. Chama hicho ni cha kubuni, lakini hali yake inafanana na ya vyama vingi. Wanachama wake ni wakulima, wavuvi, wafuga nyuki, na akina mama wanaowauzia bidhaa wageni wanaokuja kuwatazama kima punju katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2004. Ofisini mna kompyuta mpakato moja, printa moja, na ruta, yaani kile kisanduku chenye kadi ya simu kinachogawa mtandao. Ijumaa jioni Katibu anapotaka kuizima kompyuta, inamwandikia kwamba asiizime mpaka imalize kujisasisha. Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya mkutano mkuu, anaiwasha na kuona kwamba alama ya mtandao pembeni mwa kioo imetoweka, na mahali pake pana picha ya tufe. Wanachama wawili wamekwisha kaa barazani wakingojea majibu ya mikopo yao. Mkaguzi naye anangojea taarifa ya hesabu kwa barua pepe.

Hapo ndipo hasara inapoweza kuanza, wala si kwa sababu ya mtandao. Huitwa kijana wa jirani aliye hodari wa simu. Naye kwa nia njema kabisa husema kwamba dawa ni kufuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Baada ya saa mbili mtandao umerudi, na leja ya miaka minne haipo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa jambo lolote, Katibu hana budi kunakili mafaili ya chama katika flashi: daftari la wanachama, hisa, akiba, mikopo na kumbukumbu za mikutano. Kukosekana kwa mtandao hakuzuii kazi hiyo hata kidogo. Mafaili yamo ndani ya kompyuta na yanafunguka kama kawaida. Flashi ikiwa tayari, ikabidhiwe Mshika Fedha, isiachwe imechomekwa katika kompyuta ile ile. Mtandao uliopotea hurudi kwa siku moja au mbili. Hesabu za hisa zilizofutwa hazina pa kurudi.

Kisa cha tatizo

Yafaa ifahamike kwamba kompyuta haizungumzi moja kwa moja na kile kifaa kidogo cha redio kilichomo ndani yake, kinachopokea na kupeleka mawimbi ya mtandao. Kati yao yupo mkalimani, nayo ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kila kampuni itengenezayo redio hizo hutoa kiendeshi chake. Mfumo endeshi unaposasishwa, mara nyingine mkalimani wa zamani huondolewa na kuletwa mwingine asiyeijua lahaja ya kifaa kile. Au hubakishwa yule wa zamani, lakini bwana wake mpya hamwelewi tena. Redio ni nzima, ruta ni nzima, nywila ni ile ile, lakini neno halifiki.

Jambo hili limekuwa la kawaida zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za miaka mingi zimehamishiwa Windows 11, nyingine kwa njia za mkato, na aghalabu kifaa cha redio kilichomo ndani ni cha zamani kuliko mfumo unaokitawala.

Mahali palipokatika

Kosa kubwa katika kazi hii ni kutengeneza kabla ya kutafuta. Mawasiliano ya ofisi hupita njia ndefu: huja kwa nyaya za chini ya bahari, hufika kwenye mnara wa simu, huingia katika ruta, huruka hewani, ndipo yakapokewa na kompyuta. Pindi yakikatika popote, aliye mbele ya kompyuta huona jambo moja tu, kwamba kurasa hazifunguki. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika baharini upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo mtu aweza kuivunjavunja kompyuta yake asubuhi hata jioni na asipate kitu.

Njia ya kutambua ni nyepesi, nayo ni simu ya mkononi. Ichukuliwe simu yoyote ofisini, data yake izimwe, kisha iunganishwe na ruta ya chama. Simu ikifungua kurasa, ruta na mnara vimeondolewa lawama, na kosa limo ndani ya kompyuta. Simu nayo isipofungua, kompyuta iachwe kabisa. Kwanza itazamwe kama bando limekwisha, kisha ruta ichomolewe umeme kwa dakika moja na kurudishwa.

Ikiwa lawama imebaki kwa kompyuta, na itazamwe inaonyesha sura gani. Yawezekana majina ya mitandao ya jirani yanaonekana ila la chama halimo. Hapo pengine ruta inarusha masafa ya gigahezi 5 peke yake, na kiendeshi kipya hakiyapokei. Ruta iruhusiwe kurusha gigahezi 2.4 pia, masafa ambayo kwa kawaida hupenya vizuri zaidi kuta za mawe za nyumba zetu za Unguja. Yawezekana kompyuta imejiunga, lakini inaandika kwamba hakuna intaneti, na ukitazama anwani yake ya mtandao unakuta inaanza kwa tarakimu 169.254. Maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajibunia yake. Sura ya tatu ndiyo ya Katibu wetu: hakuna jina lolote, na hata kitufe cha kuwashia Wi-Fi hakionekani. Hiyo karibu daima ni habari ya kiendeshi.

Kuzima si kuanzisha upya

Katika sura zote tatu, jambo la kwanza kufanywa ni kuianzisha kompyuta upya kwa kuchagua neno “Restart”. Wengi hudharau shauri hili kwa kuwa wamekwisha izima na kuiwasha mara tano. Lakini katika Windows 10 na 11 kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: ili iwake upesi kesho yake, kompyuta huhifadhi sehemu ya hali yake ya ndani na kuirejesha ilivyokuwa, pamoja na kosa lake. Kuanzisha upya ndiko kunakosafisha. Mwezi wa Desemba 2016 watumiaji wengi wa Windows nchini Uingereza na kwingineko Ulaya walikosa intaneti kwa sababu kompyuta zao zilishindwa kupata anwani kutoka kwa ruta. Ushauri ambao Microsoft yenyewe iliutanguliza ulikuwa ni huo wa kuanzisha upya, tena ikasisitiza kwamba kuzima na kuwasha hakutoshi. Vilevile itazamwe kama hali ya ndege imewashwa, na kama kompyuta ina kitufe cha pembeni cha redio ambacho huenda mtu amekigusa.

Kumrudisha mkalimani

Isipofaa, lifunguliwe dirisha la “Device Manager” kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows. Katika orodha ya vifaa itafutwe sehemu ya “Network adapters”. Pakiwa na kifaa chenye jina la Wi-Fi au Wireless, na kando yake pembetatu ya manjano, mgonjwa ameonekana. Afunguliwe sifa zake, na katika ukurasa wa kiendeshi kichaguliwe kitufe cha “Roll Back Driver”, ambacho humrudisha mkalimani wa zamani. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Kitufe hicho kikiwa kimefifia na hakibofyeki, hakuna kiendeshi cha zamani kilichohifadhiwa. Basi kifaa kiondolewe katika orodha kwa “Uninstall device”, na kompyuta ianzishwe upya ili ikitambue tena yenyewe. Lakini pana kijisanduku kinachouliza kama kiendeshi nacho kifutwe. Kisitiwe alama mpaka pawe na nakala nyingine mkononi, ama sivyo ofisi yaweza kubaki haina mkalimani mzuri wala mbaya.

Na iwapo hapana budi kukipakua kiendeshi kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta, swali la haki ni hili: kitapakuliwaje na mtandao haupo? Jibu liko katika waya wa kuchajia simu. Simu ya Android ikichomekwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa njia hiyo, kompyuta huiona kama mtandao wa waya na haihitaji kifaa chake cha redio hata kidogo. Bando litaliwa, lakini kiendeshi kitapatikana, na taarifa ya mkaguzi yaweza kutumwa saa ile ile. Kwa hakika Katibu mwenye haraka angeanza na waya huo, amalize kazi ya wanachama walio barazani, kisha atengeneze kwa utulivu.

Ikiwa kilichowekwa ni toleo jipya zima la mfumo, pana mlango mwingine. Windows huhifadhi mfumo wa zamani kwa muda wa siku 10, na katika sehemu ya “Recovery” huruhusu kurudi nyuma. Baada ya siku hizo mlango hufungwa. Hivyo tatizo la namna hii lisingojee kikao cha mwisho wa mwezi.

Kitu kimoja chaogofya kwa sababu kinaonekana chepesi, nacho ni “Network reset”. Hicho husafisha mipangilio yote ya mtandao pamoja na nywila zote zilizohifadhiwa. Kama nywila ya ruta aliijua Katibu aliyetangulia, naye amehamia Pemba, chama kitakuwa na tatizo jipya juu ya lile la kwanza.

Yako pia makosa yasiyotengenezeka ofisini. Desemba 2023 sasisho la Windows 11 lilizifanya baadhi ya kompyuta zishindwe kuingia katika mitandao ya vyuo na ofisi kubwa, ile inayomtaka kila mtu aingie kwa jina na nywila yake, ilhali mitandao ya majumbani haikudhurika. Dawa ilitoka Microsoft yenyewe, ambayo ililitengua badiliko lile kutoka mbali. Katibu aliyejaribu yote yaliyoelezwa hapa bila ya mafanikio asilaumiwe wala asifukuzie. Atumie waya wa simu na angojee siku chache.

Wajibu wa kamati

Kamati nyingi hulihesabu jambo la kompyuta kuwa la Katibu peke yake. Haifai. Kompyuta imebeba fedha za watu, na kamati inayojua idadi ya viti vya ofisi yapaswa pia kujua jina na toleo la mfumo wa kompyuta yake, na aina ya kifaa chake cha Wi-Fi. Hayo yaandikwe katika daftari dogo pamoja na tarehe ya kila sasisho. Nywila ya ruta iwe katika bahasha iliyofungwa kwa Mshika Fedha. Kiendeshi kinachofanya kazi leo kinakiliwe katika flashi leo.

Kusasisha kwenyewe kusiachwe. Sehemu kubwa ya masasisho huziba matundu ambayo wezi hupitia. Lakini Windows 11 huruhusu kuyaahirisha kwa muda usiozidi wiki 5, na wakati wa kufunga hesabu za mwaka ruhusa hiyo ni halali kutumiwa. Sasisho lifanywe siku isiyo na malipo, umeme ukiwa wa kutegemewa na betri imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo huweza kuleta kosa baya kuliko la kiendeshi.

Daftari la fedha taslimu la kuandikwa kwa mkono lisiondolewe mezani. Waliokuwa maofisini Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa gridi kwa miezi mitatu baada ya hitilafu ya njia ya umeme itokayo Bara, hawahitaji kuelezwa sababu.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

1. Ni nani katika chama chenu, mbali na Katibu, awezaye kufungua leja ya kompyuta leo mchana? Nakala yake ya mwisho ilichukuliwa tarehe gani, nayo iko wapi?

2. Simu ya Mwenyekiti inaingia katika ruta ya chama na kufungua kurasa. Kompyuta haionyeshi jina la mtandao hata mmoja. Ni mambo gani yasiyo na haja tena ya kuchunguzwa?

3. Fundi anataka shilingi na ruhusa ya kufuta kila kitu. Kamati imwulize nini kabla ya kumjibu?